Mgeni Kwenye Sikukuu ya Mavuno

Neno la wiki: Kumbukumbu la Torati 16:13–15

Wapendwa, Bwana asifiwe. Filamu za kutisha zinazohusu mila za kale za mashambani wengi huzikwepa, na anayezikwepa kwa ajili ya dhamiri asilazimishwe. Ila The Wicker Man ya 1973 inauliza swali ambalo Torati ililijibu zamani: sikukuu ya mavuno inamfanyia nini mgeni?

Sajini Howie, polisi Mkristo mwenye msimamo, anafika Summerisle, kisiwa cha kubuni huko Uskoti, kumtafuta binti aliyepotea. Wenyeji wanakana kumjua. Kwenye baa zimetundikwa picha za sikukuu ya mavuno, mwaka baada ya mwaka, lakini ya mwaka jana haipo. Akija kuiona, anagundua kwamba matunda yalikosa, na anaamini binti yule atatolewa kafara Mei Mosi. Kumbe binti ni chambo. Anayetakiwa ni yeye mwenyewe, naye anateketea akiimba Zaburi ya 23 huku wenyeji wakicheza na kuimba.

Tuangalie ibada ile ilianzaje. Babu yake Bwana Summerisle, mwenye kisiwa na kiongozi wa ibada hiyo, alikuwa mtaalamu wa kilimo; alifika 1868 na aina mpya za matunda, akawarudishia watu miungu yao ya zamani ili wapate ari ya kazi. Mwenye ardhi ndiye aliyeifufua dini, na mavuno yalipokosa, aliyelipa ni mpita njia. Howie anamwambia Bwana Summerisle wazi: matunda yakikosa tena, mwakani watakutaka wewe.

Sasa fungueni Walawi 23. Sikukuu ya Majuma inataka mikate miwili iliyotiwa chachu, ya sehemu mbili za kumi za efa (kipimo cha nafaka) za unga, pamoja na wanyama wa sadaka. Kisha aya ya 22 inaingia shambani: pembe zake zisivunwe, masazo yasiokotwe, ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu 16 inamketisha mgeni huyo karamuni, pamoja na yatima na mjane. Na kuhusu watoto waliochomwa kama kafara huko Tofethi, karibu na Yerusalemu, Mungu anasema katika Yeremia 7:31 kwamba hakuliagiza jambo hilo wala halikumwingia moyoni.

Lakini tusimwite Howie shahidi aliyeifia imani tukaishia hapo, maana Wakristo nao wamewahi kuwalipisha wanyonge. Mwaka 1645 hadi 1647, mashariki mwa Uingereza, Matthew Hopkins na wenzake waliwasaka watu kama wachawi, katika nchi iliyomkiri Kristo. Mifugo ikifa au mtoto akiugua, walitafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi wakamkamata mwanamke mzee maskini, wengine wajane hasa, wale ambao Torati iliwaita karamuni.

Wanaoandaa ibada ya mavuno waanze na Kumbukumbu 26:10–11: kapu linawekwa mbele za Bwana, kisha Mlawi na mgeni wanafurahi pamoja na mwenye shamba. Majina ya wasio na shamba yaandikwe kabla ya kuhesabu vikapu. Mavuno yakipungua, mkono huanza kukata orodha kutoka chini, na walioko chini ni hao.