Waifai ikipotea baada ya kupandisha Windows: nilivyozirudisha draiva

Katika vitu vinavyozimika baada ya kupandisha Windows, yaani kuhamia toleo jipya, waifai ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu draiva (programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa) za vitu vingine vyote zingepitia humo. Nimeona watu wa Pemba wakiivusha laptopu kwa boti mpaka Darajani, mjini Unguja, kufuata faili ndogo kuliko video moja ya harusi. Safari hiyo haina haja.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kazi hii imezidi. Mashine ninazozishika zaidi ni za mtumba, kama HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490. Nyingi kati yake zina prosesa za Intel za kizazi cha 8, ambacho Windows 11 inakipokea.

Nusu ya kazi naifanya kabla ya kupandisha. Nachomeka flashi ya GB 8 au zaidi, nafungua folda tupu niliyoipa jina draiva, halafu nafungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi na kuandika:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Herufi E ni ya flashi, kwako inaweza kuwa D au F. Folda lazima iwepo kwanza, vinginevyo amri inagoma. Inachukua draiva zote zilizoletwa na watengenezaji wa vifaa na kuziacha zile za Windows yenyewe, ambazo hazina haja ya kubebwa. Baada ya kupandisha zinarudishwa kwa amri moja:

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Aliyesahau na sasa analia bado ana nafasi, ikiwa hakufuta diski. Windows mpya huiacha ile ya zamani kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10. Ndani yake ingia Windows, System32, DriverStore, kisha FileRepository: draiva za zamani zimelala humo zote. Elekeza Device Manager, yaani orodha ya vifaa iliyo ndani ya Windows, kwenye folda hiyo, iruhusu itafute na ndani ya folda ndogo, itaokota inayofaa. Baada ya siku 10 folda inafutwa yenyewe, kwa hiyo usijishughulishe kwanza na kupanga picha za mezani.

Ikiwa Windows imepigwa upya kwa kufuta kila kitu na akiba haipo, ndipo kazi inapoanzia. Fungua Device Manager na utazame vyenye pembetatu ya manjano. Bonyeza kifaa mara mbili usome namba ya kosa. Namba 28 maana yake draiva haipo kabisa. Namba 10 maana yake ipo lakini kifaa hakikuweza kuanza, mara nyingi kwa sababu draiva si yake. Namba 52 ni ya saini: Windows haiiamini draiva hiyo. Namba 43 nitairudia, maana kwa visiwa vyetu ina mambo yake.

Jina linaloonyeshwa hapo halisaidii sana, mara nyingi linasema tu ni kifaa kisichojulikana. Kinachosaidia ni kitambulisho chake. Nenda Details, chagua Hardware Ids, utaona mstari kama huu: PCI\VEN_8086&DEV_24FD. Herufi na tarakimu nne baada ya VEN ni za mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros. Zinazofuata DEV ni za kifaa chenyewe, na hiyo 24FD ni kadi ya waifai ya Intel 8265. Sasa unajua unachotafuta. Nakili mstari huo, uuweke kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya Microsoft Update Catalog, shusha faili. Ikija katika umbo la cab, yaani faili iliyobanwa, ifungue kwa amri ya expand -F:* ukiitajia faili na folda ya kuiwekea, halafu ielekeze Device Manager huko.

Zile programu zinazojidai kuwa na draiva za dunia nzima ndani ya flashi moja siziweki kwenye mashine ya mtu. Nimezisafisha mara nyingi mno: zinaleta draiva isiyo yake pamoja na matangazo, na mwenye laptopu anarudi wiki ya pili akilalamika mashine ni nzito.

Utashushaje na waifai imekufa? Kwa simu. Iunganishe simu ya Android kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio yake uwashe kugawa intaneti kwa USB. Windows inaiona simu kama kadi ya mtandao na draiva yake imo tayari, haitaki kitu. Hapa pana mtego. Watu hukimbilia kuuweka mtandao huo kuwa wa kipimo, yaani metered, ili bando lisimalizwe na masasisho. Wazo zuri, lakini Windows ikishaambiwa mtandao ni wa kipimo, haishushi draiva mpaka uiruhusu kwenye mipangilio ya Bluetooth na vifaa. Mtu anasubiri saa nzima na hakuna kinachoshuka.

Tachipadi nayo inawachanganya wengi. Kwenye laptopu nyingi za miaka hii haikuunganishwa kwa njia ya zamani ya PS/2, bali imepita kwenye njia iitwayo I2C, na njia hiyo yenyewe ina draiva yake, Intel Serial IO. Hiyo isipowekwa, tachipadi haionekani hata kama kifaa kibovu, na ukiilazimishia draiva yake inakwambia hakuna kifaa. Ndiyo maana mimi huanza na draiva za chipuseti (chipu zinazounganisha sehemu za mashine) na Serial IO, nazima na kuwasha, kisha ndiyo skrini, sauti na vilivyobaki. Uwe na mausi ya USB mkononi.

Madukani shida ni nyingine. Printa za risiti na mizani ya zamani zimeunganishwa kwa waya unaogeuza USB kuwa COM, ile porti ya zamani ya vifaa vya namna hiyo, wenye chipu ya Prolific PL2303. Baada ya kupandisha, Device Manager inaandika kwamba PL2303HXA imeachwa tangu 2012 na umwone aliyekuuzia. Waya haujafa. Draiva mpya inazikataa chipu za zamani na za bandia, basi. Weka draiva ya zamani, 3.3.2.105 au 3.3.11.152, kisha fuata njia ya kuchagua mwenyewe kutoka kwenye orodha ya kompyuta, uichague hiyo. Windows ikijisasisha inaweza kuirudisha ile mpya, na utafanya tena. Kwa duka lenye wateja afadhali ununue waya wa chipu ya FTDI. Tazama pia namba ya porti: ilikuwa COM3, sasa ni COM5, na programu ya mauzo bado inaita COM3. Inabadilishwa kwenye Port Settings, Advanced.

Windows 11 pia inaweza kukataa kuwasha ulinzi wa kumbukumbu (Memory integrity) kwa sababu ya draiva ya zamani. Orodha ya draiva zinazozuia inatoka pamoja na jina, tuseme oem23.inf. Nathibitisha ni ya kifaa gani, na kama kifaa chenyewe hakipo tena, naing'oa kwa pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall. Printa ambayo mtengenezaji wake alitoa draiva ya biti 32 tu, hiyo haina dawa, maana Windows 11 ni ya biti 64 peke yake.

Sasa ile namba 43. Ikitokea kwenye USB usikimbilie draiva. Hewa yetu ina chumvi na unyevunyevu, na laptopu ya baraza au ya kaunta iliyo karibu na bahari inaota kutu ya kijani kwenye vibati vya porti. Kupandisha Windows kunasingiziwa tu, kwa kuwa ndiyo siku watu walipoangalia. Hamishia kifaa porti nyingine kwanza. Kisha washa mashine kwa Ubuntu, mfumo mwingine usio Windows, iliyo kwenye flashi, bila kuiweka ndani: kifaa kikifanya kazi humo, kosa ni la draiva ya Windows, kikigoma na humo, tafuta kwenye waya na porti. Zima mashine, toa betri ikiwa inatoka, sugua vibati taratibu kwa mswaki laini uliotiwa spiriti safi ya isopropili, acha pakauke kabisa ndipo uwashe. Mara nyingi kifaa kinajitokeza chenyewe, na draiva hujaigusa.