Bustani Yangu Huanza Mwezi wa Nane

Hadi mwaka 2020 bustani yangu ilikuwa kando ya Ziwa Victoria, chini kule Nyegezi, Mwanza, na mvua haikuniumiza kichwa. Nilichota maji kwa ndoo, nikamwagilia mchicha na chainizi asubuhi na jioni, iwe masika iwe kiangazi. Mwaka ule ziwa likapanda mpaka likapita hata kile kimo cha mwaka 1964 ambacho wazee hawaachi kukisimulia. Kufikia Mei matuta yangu yote yalikuwa chini ya maji, na magugu maji yanaelea juu yake. Ziwa liliporudi nyuma nilitamani kurudi, lakini ukweli ni kwamba pale sikupaswa kuwapo tangu mwanzo: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kulidhuru ziwa ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Nikaihamishia bustani mlimani, nyuma ya nyumba, kwenye mawe.

Anayeijua Mwanza anajua milima yetu ilivyo. Mawe makubwa kama nyumba, na kati ya jiwe na jiwe kuna luseni, ule udongo wa kichanga unaotokana na mawe hayohayo. Luseni inalimika kwa urahisi, inapitisha maji upesi, na haishiki kitu. Mwaka wa kwanza nilisubiri vuli kama watu wote. Mvua ya kwanza ya Oktoba iliponyesha nikakimbilia jembe, nikalima siku mbili, nikamwaga samadi, nikapanda. Wiki iliyofuata ikaja mvua kubwa alfajiri. Kulipokucha mbegu hazipo, samadi haipo, na matuta yamegeuka mfereji mmoja mrefu unaoelekea kwa jirani.

Jirani yangu wa chini ni mzee wa Kisukuma, mtaani tunamwita Babu. Nilishuka kumwomba radhi kwa tope lililojaa uani kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanyoosha fimbo. "Mama Kulwa, udongo wako huu hapa. Lete ndoo uurudishe." Tulizoa ndoo 14, mimi na wanangu Kulwa na Doto. Tulipomaliza akaniambia, "Mwakani anza mwezi wa nane. Mvua ikukute umeshamaliza."

Tangu hapo nimeanza mwezi wa nane kila mwaka. Ni mwezi ambao huku kwetu unaonekana umekufa. Nyasi zimekauka, upepo wa ziwani unapeperusha vumbi, na ukienda vijijini utakuta michembe, vipande vya viazi vitamu vya kukausha, imeanikwa juu ya miamba. Mimi naupenda sana. Shambani hakuna mmea wa kukanyaga, na alama zote za maji ya masika bado zinasomeka ardhini: hapa yalikata, hapa yalituama, hapa yalipita chini ya jiwe.

Kazi inayonichukua muda kuliko zote ni makinga maji. Mwanzoni nilipanga mawe kwa kukadiria kwa macho, na kwenye mteremko macho yanadanganya. Ukingo unaouona uko sawa unakuwa umelala upande mmoja, maji yote yanakimbilia huko na kuubomoa. Fundi mmoja wa ujenzi ndiye aliyenionyesha kutumia mpira wa maji, uleule wanaopimia leveli ya msingi. Ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wangu una mita 10. Unaujaza maji, unahakikisha hakuna povu la hewa hata moja, halafu Kulwa anashika ncha hii na Doto ile, kila mmoja ameufunga kwenye fimbo yenye alama. Maji yakitulia kwenye alama ileile pande zote mbili, hapo miguu yao iko usawa mmoja. Napigilia vigingi, tunasogea. Mstari unaotokea haunyooki, unapinda kufuata mlima, na mara ya kwanza nilidhani tumekosea. Hatukukosea.

Kwenye mstari huo nachimba msingi wa kina cha kiganja, nalaza mawe makubwa yakiegemea mlima, madogo nayashindilia nyuma yake, na nyuma ya hayo naweka nyasi kavu zichuje mchanga. Kimo kinafika gotini, si zaidi. Sitaki ukuta wa kuzuia maji kabisa. Nataka yapite polepole na yaache udongo. Sasa nina kingo tano, na kila kiangazi ninazikagua zote, narudisha mawe yaliyolegea na kuongeza pale udongo ulipojaa hadi juu.

Kazi ya pili ni mboji. Luseni bila mboji ni sawa na kumwagia maji kwenye chujio. Lundo naliweka kivulini nyuma ya jiwe kubwa: mabua, majani ya migomba, maganda ya jikoni, samadi kutoka Usagara, majivu kidogo, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka nalinyunyizia maji. Katikati nachomeka mti mrefu. Baada ya siku chache nauchomoa na kuushika. Ukitoka na joto na unyevu, lundo linafanya kazi. Ukitoka mkavu, naongeza maji. Ukitoka wa baridi na unanuka, maji yamezidi, nageuza lote. Mwezi wa nane nafungua lundo la masika. Mwaka jana nilichukua konzi moja nikaiminya: nyeusi, inanukia kama msitu baada ya mvua, inashikana kisha inaachia kwa kidole kimoja, na mnyoo mwekundu ukajikunja katikati ya kiganja changu. Nilimwita Doto aje aone.

Na yale magugu maji yaliyonifukuza ziwani nayo yameingia kwenye lundo. Nilipoyatumia mabichi mara ya kwanza yaliharibu kila kitu, maana karibu yote ni maji. Lundo lilioza likanuka mtaa mzima. Sasa nayaanika juani hadi yavunjike mkononi. Sichukui ya karibu na mdomo wa mto Mirongo, kwa sababu mmea huu unafyonza madini mazito, na mto ule unapita katikati ya mji. Ningemshauri yeyote awe mwangalifu hivyohivyo, tunalisha watoto.

Panga nalinoa kwa tupa, mpini wa jembe unaocheza naukaza kwa kabari. Mpera na mlimau napunguza matawi makavu na yanayosuguana. Mashimo ya mipapai nachimba sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu kando, wa chini kando, ili ule wa juu uliochanganywa na mboji ndio urudi kwenye mizizi.

Bati ndilo nililolidharau muda mrefu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Bati langu lina kama mita 40 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 20 ni lita 800, karibu kulijaza tanki langu la lita 1,000. Na hayo maji ndiyo yaliyokuwa yakishuka kwa kishindo na kuchimba bustani! Mwezi wa tisa napanda ngazi nafagia majani na vinyesi vya ndege kwenye mifereji, naziba viungo vinavyovuja, na mdomo wa tanki naufunga chandarua mbu wasizaliane. Maji ya mvua ya kwanza nayaacha yamwagike, yameosha vumbi la miezi minne.

Kuhusu mbegu nimejifunza kutoamini. Nahesabu mbegu 20, nazifunga kwenye kitambaa kibichi, naweka mahali penye joto, nakagua kila siku. Bamia nilizozihifadhi mwenyewe mwaka jana ziliota 7 tu kati ya 20. Kama ningezipanda zote shambani ningelaumu mvua. Nilinunua nyingine, nazo nikazijaribu kabla ya kuzipanda.

Nyanya nazisia kitaluni mwanzoni mwa Septemba, mistari midogo ya kina cha sentimita moja, chini ya kivuli cha nyasi. Miche inahitaji kama wiki nne hadi tano, kwa hiyo vuli inaikuta tayari. Wiki ya mwisho napunguza maji na kuondoa kivuli kidogokidogo izoee jua. Kabla ya hapo nang'oa mabua yote ya nyanya za zamani na kuyachoma, kwa ajili ya kantangaze, mdudu aliyewatia umaskini wakulima wengi, maana anajificha kwenye masalia na udongoni. Na sipandi nyanya palipokuwa na bilinganya, nyanya chungu au pilipili. Hizo ni ndugu, ugonjwa wa mmoja ni wa wote.

Mwaka jana mvua ya kwanza kubwa ilikuja usiku. Nilisikia bati, nikatoka na tochi na kanga kichwani. Nyuma ya kila ukingo maji yalikuwa yamesimama, mekundu kwa mwanga wa tochi, yanapenya polepole kati ya mawe. Ukingo wa nne ulikuwa umeachia mawe matatu upande wa jiwe kubwa, nikayarudisha palepale kwa mikono, tope hadi viwikoni.

Asubuhi nilishuka kwa Babu kabla sijanywa chai. Alikuwa anafagia uani. Palikuwa na majani tu na maji safi kwenye vishimo.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba Mama Kulwa. Leo hukuleta udongo?"

"Sikuleta, Babu."

Akaendelea kufagia. Nikapanda kurudi, nikalowesha kitalu, na jioni jua lilipopoa nikaanza kuhamisha miche, mstari wa kwanza juu ya ukingo wa tano.