Skrubu ya sita

Oparesheni ya kutoa vyuma huwa inanipa wasiwasi kuliko ya kuviweka. Watu hawaelewi. Mfupa si umeshaunga? Si ni kufungua tu?

Jumatano nilimwandalia vifaa dereva wa bodaboda mwenye pleti, kile kibapa cha chuma cha kushikilia mfupa, ya mwaka wa nne kwenye ugoko, chini kidogo ya goti. Akisujudu inamchoma. Alikowekewa hawakumpa karatasi ya kusema ni chuma cha aina gani, kwa hiyo nilipanga bisibisi zote, za nyota na za pembe sita. Picha ya eksirei ilionyesha skrubu nane.

Daktari wetu hana haraka. Kila tundu la skrubu linachokonolewa kwanza kwa ncha kali, kwa sababu nyama na mfupa hujaa humo. Bisibisi ikikaa juujuu, inasaga kingo. Halafu skrubu zinazojifunga kwenye pleti zinalegezwa zote kabla hata moja haijatolewa. Ukibakiza moja iliyong'ang'ania, ukiizungusha na pleti inazunguka nayo, inachana nyama.

Tano zikalegea. Ya sita, tundu likawa duara. Mara nyingi aliyeweka alikaza kwa mashine mpaka mwisho badala ya kumalizia kwa bisibisi ya kipimo, ile inayotoa mlio nguvu ikitosha, na chuma kikashikana na chuma kama kimechomelewa. (Mafundi wa pikipiki wanalijua hili vizuri kuliko sisi.)

Tukajaribu kile kifaa chenye ncha iliyochongoka kama pia na hesi za kinyume, kinachozidi kuuma kadiri unavyofungua. Kikateleza. Ikabaki keekee ngumu, kukitoboa kichwa chenyewe cha skrubu. Nilizungushia kidonda gozi zilizolowa zinase unga wa chuma, nikawa namwagia maji mfupa usiungue. Dakika arobaini za mlio ule, na mgonjwa wa ganzi ya mgongo anasikia kila kitu.

Kichwa kikang'oka. Mbili za mwisho hazikusumbua, pleti ikainuka. Shina la ya sita lingeweza kufuatwa kwa bomba lenye meno, lakini hilo linaacha shimo kubwa mfupani. Daktari akaliacha.

Wodini nikampelekea vyuma vyake kwenye kichupa, maana aliviomba. Akahesabu, miguu bado ina ganzi.

"Sista, hii ni kichwa tu. Mwili wake uko wapi?"

Nikamgusa juu ya bandeji.

"Kwa hiyo bado nina chuma?"

"Kidogo, kaka."