Shirika la utangazaji likifungua data, lianze na ratiba

Mei 2005, BBC ya Uingereza ilianzisha mpango uitwao Backstage: ratiba za vipindi na milisho ya habari zikatolewa kwa yeyote anayejua kuandika programu, mradi asizifanyie biashara. NPR, redio ya umma ya Marekani, ilifuata mwaka 2008 na API ya habari zake, yaani njia ya programu moja kuomba data kwa nyingine, kila mtumiaji akijiandikisha na kupewa ufunguo, msimbo wa siri wa kumtambulisha. Kwa vijana wa Tanga wanaotamani TBC ipite njia hiyo, ushauri wetu ni mmoja: ombeni ratiba ya vipindi kwanza. Sauti na video zisubiri.

Sauti ina wenyewe wengi. Kuna mtunzi, mwimbaji, bendi, na mwenye mashindano ya mpira. Ruhusa ya shirika kurusha mechi hewani si ruhusa ya kumgawia mtu mwingine. Ratiba ni ya shirika lenyewe, tena ni nyepesi. Chukua vipindi 40 kwa siku, herufi 300 kila kimoja: wiki nzima ya chaneli moja haifiki kilobaiti 100. Mtu wa Pangani mwenye bando la siku haumii.

Jambo la kwanza kukagua ni kitambulisho cha kipindi. Jina la kipindi halitoshi, maana "Taarifa ya Habari" ipo kila siku. BBC hukipa kila kipindi alama 8 za tarakimu na konsonanti. Irabu hazimo, ili lisije likajitokeza neno la aibu kwa bahati mbaya. Kisha tenganisha kipindi na urushaji wake. Kilichoruka Jumatano kikirudiwa Jumapili, kipindi ni kimoja na urushaji ni wa mara mbili. Ukivichanganya, programu yako itamtangazia msikilizaji "kipindi kipya" ambacho ameshakisikia.

Saa ndiyo inayoharibu kazi nyingi, na kwetu inaharibu zaidi. Seva, yaani kompyuta inayotoa data, itunze saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia: 17:00 ya UTC ni 20:00 ya Afrika Mashariki, yaani saa 2 usiku. Anayejaza fomu huku akili yake iko kwenye saa za Kiswahili ataandika 02:00, na mashine itakipeleka kipindi saa 8 usiku, watu wamelala. Kwa hiyo fomu ya kujazia iwe na sehemu ya kuchagua alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na mashine ndiyo ifanye hesabu. Kuonyesha ni rahisi: ongeza 6 kwenye saa ya Afrika Mashariki (0 hadi 23), chukua baki ya kugawanya kwa 12, na ikitoka 0 andika 12. Neno la wakati lipate jedwali lake, kwa saa hizohizo za 0 hadi 23: 4 na 5 alfajiri, 6 hadi 11 asubuhi, 12 hadi 15 mchana, 16 hadi 18 jioni, zinazobaki usiku.

Halafu kuna siku. Kipindi cha 00:30 Ijumaa, kwa kalenda ya mashine, ni Ijumaa. Ukiandika "Ijumaa saa 6:30 usiku", nusu ya watu watakisubiri usiku unaofuata. Andika "usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 6:30". Na vipindi vinavyopokewa moja kwa moja kutoka London visiwekewe saa ya kudumu kwa mkono: Uingereza husogeza saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, sisi hatusogezi.

Kuhusu kuvuta data, simu za watumiaji zisigonge seva ya shirika moja kwa moja. Weka seva yako katikati, ivute ratiba ya leo kila dakika 15 na ya siku zijazo mara moja kwa siku. Leo hubadilika ghafla, hotuba ya Rais au msiba wa kitaifa unatosha kupangua jioni nzima. Kila ukiomba, tuma ETag, alama ya toleo la data, uliyopewa mara ya mwisho. Jibu la seva likiwa namba 304, hakuna kipya na hujapakua kitu. Likija 429 umeomba kupita kiasi: soma Retry-After, sehemu ya jibu inayotaja muda wa kusubiri, usubiri muda huo. Ufunguo ubaki kwenye seva, kwa sababu faili la APK, yaani la programu ya simu za Android, hufunguliwa na yeyote.

Ukipeleka ratiba kwa SMS, chunga alama ya ng'. Ujumbe wa kawaida hubeba herufi 160, lakini ritufaa iliyopinda, ile inayoletwa na programu za kuandikia, huushusha hadi 70. "Ng'ombe" mmoja anakulipisha ujumbe mara mbili au tatu. Ibadilishe iwe iliyonyooka kabla ya kutuma.

Orodha ya nyimbo zilizopigwa ingekuwa hazina kwa mji huu wa taarabu. Ila wimbo uleule unaweza kuandikwa chini ya kundi la Black Star Musical Club na mahali pengine chini ya mwimbaji Shakila, na mashine ikahesabu nyimbo mbili. BBC ilitumia namba za MusicBrainz, hifadhidata huria ya muziki, kwa wasanii. Nasi tufanye hivyo tangu siku ya kwanza, kwani kusafisha baadaye ni kazi ya miaka. Majina na namba za simu za watuma salamu yasitoke kabisa. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Backstage ilifungwa mwishoni mwa 2010. Kabla hujajenga chochote, dai mambo mawili kwa maandishi: namba ya toleo ndani ya anwani ya API, na notisi ya angalau miezi 6 kabla toleo halijazimwa.