Mguu wa kulia wa Baba

"Kwani si alikuwa anaongoza? Sasa anawasubiri wa nini?" Binti yangu aliuliza hivyo juzi, zikiwa zimebaki dakika chache filamu ya Ford v Ferrari iishe. Nikamjibu harakaharaka asije akakosa mwisho. Lakini swali lile limenipeleka moja kwa moja kwa Baba, ukumbini, mwaka 2019.

Baba hakuwa mtu wa sinema. Nilimpata kwa kumwambia kwamba ni filamu ya magari na kwamba imegharimu karibu dola milioni 100. Magari yalimvuta, hiyo pesa aliona ni wazimu. Malori alishayaacha siku nyingi, ila gari lolote alilopanda aliliendesha yeye, hata akiwa abiria. Mwanzo wa filamu alitulia tu: Henry Ford II kukataliwa na Enzo Ferrari, Carroll Shelby, mtengenezaji wa magari ya mbio, kupewa kazi ya kuwashinda Waitaliano waliotwaa Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, miaka sita mfululizo, 1960 hadi 1965. Alichangamka breki zilipoanza kuwa nyekundu. "Hizo zimekwisha," akaninong'oneza. Mafundi walipozibadilisha mashindano yakiwa yanaendelea, akapiga paja kwa furaha.

Halafu tukafika pale.

Ken Miles, dereva wa Shelby anayeigizwa na Christian Bale, yuko peke yake barabarani. Saa 24 zinakaribia kutimia, hakuna wa kumfikia. Wakubwa wa Ford wanataka magari yao matatu yavuke mstari pamoja ili picha ipendeze, na Shelby amemfikishia ujumbe huo, kisha akamwachia uamuzi mwenyewe. Miles anakanyaga bado. Nikahisi kiti kinatikisika kidogo. Nilipotazama chini nikaona kiatu cha Baba, cha kulia, kimekandamiza sakafu kwa nguvu zote, goti limekakamaa, mkono umeshika ukingo wa kiti. Alikuwa anaendesha. Sijui alianza lini. Labda tangu mzunguko wa kwanza.

Kisha sauti ya injini ikashuka. Baadaye nilisoma kwamba filamu hii ilipata Oscar mbili, ya uhariri wa filamu na ya uhariri wa sauti, na sikushangaa hata kidogo, maana dakika ile unaielewa kwa masikio kabla ya macho. Uso wa Bale ukalegea. Na mguu wa Baba ukainuka. Uliinuka taratibu, kisigino kikiwa bado chini, kama anavyofanya dereva asiyetaka kumshtua aliye nyuma yake. Ukabaki hewani. Nilimtazama usoni nikitegemea hasira, maana mimi nilikuwa nimejaa hasira. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, midomo imebanwa, anapumua kwa pua.

Yaliyofuata mnayajua. Ushindi ukaenda kwa Bruce McLaren na Chris Amon, madereva wa gari jingine la Ford, kwa kuwa gari lao lilianzia nyuma zaidi na hivyo lilikuwa limekwenda umbali mrefu zaidi. Miezi miwili haikutimia, tarehe 17 Agosti 1966, Miles akafa akijaribu gari jipya huko Riverside, California.

Njiani nilibisha sana. Nilisema wamemwibia. Baba akaniambia nisichanganye mambo mawili: bosi aliyetaka picha na rafiki aliyesema "amua wewe". Kwa maoni yake Miles alimpa Shelby, hakumpa Ford. Nikamwambia kombe halijui tofauti hiyo. Hakunijibu.

Siku chache baadaye akaniomba nimtafutie picha ya kweli ya mwisho wa mbio zile. Nikampa simu. Barabara imelowa mvua, gari jeusi la McLaren liko mbele kidogo ya lile la bluu la Miles. Akaikuza, akaisogeza, akaitazama muda mrefu.

"Huyu kainua mguu," akasema.

Nikamwambia inawezekana pia kwamba McLaren ndiye aliyekanyaga. Picha moja haiwezi kutuambia.

"Inawezekana," akasema, ila simu hakunirudishia. Mpaka leo naegemea upande wangu, kwamba alidhulumiwa. Ila nikiitazama ile picha, jicho langu linaanzia kwenye gari la bluu, na najikuta namtafutia Baba ushahidi.