Hofu iliyokaa mahali pasipostahili

Nilipoanza kukokota tela la safari, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, lenye urefu wa mita 8, niliogopa jambo moja tu, nalo ni kurudi nyuma, kwa sababu huko ndiko kwenye watazamaji.

Nilitafuta uwanja mtupu, nikapanga koni, nikarudi nyuma kutwa nzima. Kilichonikwamisha ni kwamba tela huenda kinyume cha usukani: ukiuzungusha kulia, nyuma ya tela huelekea kushoto. Nafuu ilikuja nilipoushika usukani sehemu ya chini kabisa, kwa maana hapo mkono ukienda kushoto, tela nalo huenda kushoto, na kichwa hakina haja ya kupiga hesabu. Kinyume na nilivyodhani, tela refu ni pole kuliko fupi. Huchelewa kuitikia, na anayeongeza usukani kwa pupa hulikuta limepinda kupita kiasi. Likishapinda hivyo, dawa ni kwenda mbele mpaka gari na tela vinyooke, kisha kuanza upya. Nilizoea pia kushuka na kutazama, kwani vioo, hata vile virefu vya kukokotea, havionyeshi kilicho nyuma kabisa wala tawi lililoinama juu ya paa. (Aibu ya kushuka mara tano ni ndogo kuliko gharama ya paa.)

Kona hazikunisumbua sana baada ya kuelewa kwamba magurudumu ya tela hukata ndani zaidi ya yale ya gari, hivyo ni lazima nisogee mbele kidogo kabla ya kupinda.

Hatari yenyewe ilikuwa kwenye mwendo. Siku moja, nikiteremka mlima, tela lilianza kuyumba huku na huku hata likawa linalivuta gari. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikaushikilia usukani bila kushindana na mtikisiko, nikazifunga taratibu breki za tela peke yake kwa kidhibiti cha mkono, likatulia. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimepakia madumu ya maji nyuma ya ekseli. Uzito unaokandamiza kiungo kinachoshikanisha tela na gari unapaswa kuwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela, yaani kilo 300 hadi 450 kwa tela la kilo 3,000, na madumu yale yalikuwa yakiunyanyua upande wa mbele. Nilisimama mahali palipo tambarare, nikayahamishia yote mbele ya ekseli, na njia iliyobaki tela likanifuata kimya.