Nilivyoipima .375 yangu mpaka nikaiamini

Kila aliyeiona bunduki yangu mpya, ya .375 (upana wa risasi yake kwa inchi), alinipa ushauri uleule: piga tatu, tazama karatasi ya shabaha, zungusha vifundo vya darubini ya kulengea. Ushauri huo ulinilia risasi 12 siku ya kwanza, na sanduku la 20 za .375 H&H halinunuliki kwa hela ya mboga. Bado nikikumbuka nakasirika.

Ni Brno ZKK 602 ya bolti, yaani unaijaza kwa kuvuta mkono baada ya kila mlio, ya enzi za Czechoslovakia, niliyouziwa na mwindaji aliyestaafu. Habari ya kibali ni ndefu, naiacha. Nilikuwa nimeitamani miaka mingi, maana kwa nyati siendi na kitu chepesi kuliko .375. Basi siku ile nikaweka karatasi mita 100, nikapiga tatu. Zikaenda kushoto. Nikazungusha. Tatu nyingine zikapanda juu kulia. Nikazungusha tena. Jioni matundu yalikuwa yametapakaa upana wa sahani ya ugali, na bega limevimba. Jamaa mmoja akanitangazia kwamba mtutu umekwisha, niiuze.

Usiku nikaitoa darubini. Skrubu ya nyuma ya kitako chake, kile kinachoishikilia kwenye bunduki, ilikuwa inazunguka kwa vidole! Aliyeifunga dukani hakuikaza, na mimi siku nzima nilikuwa narekebisha kitu kinachotembea. Nikasafisha mafuta yote, nikakaza, kisha nikachora mstari wa rangi ya kucha ya mke wangu kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, najua imelegea. Hadi leo nautazama kila ninapoitoa bunduki.

Siku ya pili nikaanza mita 50, bunduki imelala juu ya viroba vya mchanga mbele na nyuma. Afadhali, lakini bado kila risasi ya pili au ya tatu ilidondoka chini kushoto. Mzee mmoja msoma nyayo, aliyefanya kazi na wawindaji tangu ujana wake, alikuwa amekaa pembeni akinitazama mimi, karatasi haangalii. Akasema, "Mwanangu, hebu nikujazie mimi."

Nilikuwa na risasi bubu mbili: ganda lililokwisha kupigwa, halina baruti, limerudishiwa kichwa cha risasi. Mzee akazichanganya na za moto, akajaza magazini huku nimempa mgongo. Ya kwanza ikalia. Ya pili nikavuta kifyatulio, ikatoa "ta!" tupu, na mtutu ukachota kwenda chini kama jembe. Nimeuona kwa macho yangu! Bunduki haikuwa imepiga teke lolote. Ni bega langu lililokuwa likilikimbia teke kabla halijaja. Mzee hakucheka. Alisema tu, "Tena." Tulirudia asubuhi nzima, zaidi kwa bubu kuliko kwa za moto, nikijifunza kubonyeza polepole kiasi cha kutojua mlio utatoka lini. Mpaka bubu ikilia, mtutu umetulia tuli. Hapo ndipo tulipopiga kwa hesabu, tukisubiri baada ya kila risasi tatu hadi mtutu ushikike kwa mkono bila kuunguza.

Nikarudi mita 100. Matundu matatu, sentimita tatu na nusu kutoka la kwanza hadi la mwisho. Bunduki iliyoambiwa imekwisha! Sasa darubini ilikuwa na kazi ya maana: tiki moja ya kifundo chake husogeza shabaha kama milimita 7 kwa umbali huo, nikahesabu, nikazungusha mara moja tu. Baadaye nilijaribu risasi za kiwanda kingine, uzito uleule wa greni 300 (kama gramu 19), zikaangukia pembeni kabisa. Kwa hiyo nanunua za aina moja, na hata zikipanda bei nazifuata.

Lakini nyati hasubiri upashe mtutu moto. Asubuhi tatu mfululizo nilifika uwanjani, nikapiga risasi moja tu kwa mtutu baridi, karatasi ileile, nikaondoka. Siku ya tatu nilipiga nimesimama, bunduki nimeiegemeza kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja badala ya viroba, kama porini. Mzee akaenda mwenyewe kuichukua karatasi, akaweka kiganja chake juu ya matundu matatu, na kiganja kikayafunika yote.